Rozina Si Jibu la Makosa

Mgahawa wa jirani na stendi ya Sumbawanga ulifurika Jumamosi ile, harufu ya chapati ikigombana na baridi iliyoingia kila mlango ulipofunguliwa. Rozina, sweta jekundu juu ya gauni la kitenge, alikunywa chai macho yakiwa kwenye simu. Ghafla akaibwaga mezani.

“Aliyetunga haya maswali ana roho mbaya!”

Kijana wa koti la kaki aliyekaa mkabala naye akainua macho. “Maswali gani, dada?”

“Ya kozi ya mtandaoni ya wauza dawa za mifugo. Sikiliza: ‘Kipi kati ya vifuatavyo si kweli kwamba hakifai?’ Mimi nauza dawa Katandala miaka yote hii, kuku wa watu wanapona, halafu mtu aniangushe kwa Kiswahili cha kujikunjakunja? Anapima ujuzi au pumzi?”

Kijana akakohoa. “Ni mimi.”

“Wewe nini?”

“Niliyetunga. Naitwa Basil.”

Mwingine angeona haya. Rozina akavuta kiti karibu. “Afadhali nimekukamata! Halafu kila mara jibu refu kuliko yote ndilo sahihi. Nusu ya mtihani nimejibu bila kusoma.”

Basil akacheka mpaka chai ikamwagikia koti. Alipomaliza kujifuta, alikuwa ameshaomba namba.

Tangu hapo, kila Rozina alipofunga duka, simu iliita.

“Malkia wangu, umekula?”

“Sijala. Soma swali.”

Basil alisoma, Rozina akakosoa. “Majibu yako ya makosa ni ya kipuuzi. Nani atampa kuku soda? Weka kosa ambalo watu wanaliamini kweli.”

“Kama lipi?”

“Kama ninavyowatania wateja: friji ya nini, baridi ya Sumbawanga inatosha!”

Basil alicheka, kisha likamponyoka: “Rozina, nakupenda.”

Rozina akaibana simu sikioni. “Rudia, mtandao unasumbua.”

“Mtandao hausumbui.”

“Rudia hivyo hivyo.”

Kozi ilipotoka upya, Stumai wa duka la jirani aliingia akicheka, simu mkononi. “Shoga, sikiliza! ‘Chanjo ya kuku itunzwe wapi?’ Jibu B: ‘Friji ya nini, baridi ya Sumbawanga inatosha.’ Si maneno yako haya?”

Rozina naye alicheka. Kicheko kilikatika siku mama Bertha, mfugaji na mteja wake mkubwa, aliporudisha chupa za chanjo.

“Shikamoo mama. Kuna nini?”

“Marahaba. Nasikia hata kwenye kozi wamekuandika. Chanjo zako hazikai kwenye friji.”

“Friji hii hapa, mama!”

“Leo ipo,” mama Bertha akasema, akaondoka zake. Baada yake wakapungua na wengine.

Rozina akampigia simu. “Basil! Nimekusaidia kazi yako, nawe ukanifanya jibu la makosa mji mzima?”

“Mpenzi, sikuandika jina lako...”

“Katandala nzima wanajua hayo maneno ni ya nani!”

“Nimeshayafuta. Jioni nakuja kwako nikuombe msamaha.”

“Kwangu? Uniaibishe hadharani, uje kutubu sebuleni? Kaa huko huko kwako Milanzi!”

Akakata. Meseji zake hakuzifungua, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba kila simu ilipolia alikimbilia kuitazama.

Siku ya mkutano wa wafugaji wa kuku wa Katandala, Rozina alikaa nyuma kabisa. Mara akamwona Basil anasimama mbele.

“Mama zangu, shikamooni. Maneno ya swali lile ni utani wa Rozina. Nimeyachukua bila kumwomba. Chanjo zake zinakaa kwenye friji siku zote. Kosa ni langu.”

“Wewe umejuaje?” mama Bertha akauliza. “Umewahi kuifungua hiyo friji?”

Basil akababaika. “Sijawahi.”

“Basi unashuhudia usichokiona!”

Watu wakaangua kicheko. Rozina akasimama kwa hasira. “Mnaongea juu yangu kama sipo! Twendeni dukani, mkaangalie wenyewe.”

Wakaongozana naye. Mama Bertha akafungua friji, akaingiza mkono, akasoma kipimajoto, akageuza chupa moja moja. “Nirudishie zangu,” akasema mwishowe, “na unisamehe, mwanangu.”

Walipotawanyika, Basil alibaki mlangoni, viatu vimejaa tope.

“Bado nina hasira,” Rozina akasema.

“Najua.”

“Si kidogo.”

“Najua. Nataka kwenda Chala kwa wazazi wako.”

“Umeshindwa kutetea friji, baba yangu utamweza?”

“Sitamweza.”

Rozina alimtazama. Basil hakujitetea. Alisimama tu, akitetemeka kwa baridi.

“Tafuta mshenga mwenye akili,” Rozina akasema. “Na asiseme lolote langu kabla hajaniuliza.”

Kisha akaishika mikono ya Basil iliyopoa, akaifunika kwa khanga yake, huku bado amenuna.