Koti la Kompyuta

Kompyuta ikazima tena, na Mama Mdogo akajishika kichwa... Aa, nimeharibu! Nimerukia katikati, na nyinyi hata hamjui Mama Mdogo ni nani. Hebu nami nizime, niwashe upya.

Mchana huo Kiherehere alirudi kutoka shule kama kawaida yake: viatu mlangoni, mkoba kitini, mwenyewe jikoni anafunua sufuria. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, maana mtoto huyo hakutulia hata akiwa na homa. Sebule yao ndiyo ilikuwa karakana: cherehani dirishani, vipande vya vitambaa kila pembe.

Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa ameinamia kompyuta mpakato mezani. Saa kumi jioni angefanyiwa usaili wa kazi kupitia kompyuta hiyo, na michoro ya nyumba atakayowaonyesha waajiri ilikuwa humo humo. Tangu amalize chuo, hao ndio walikuwa wa kwanza kumwita.

"Inajizima, inajiwasha, inajizima!" alilalamika. "Na jana imeshinda kwa fundi kompyuta, haikuzima hata mara moja! Kabadilisha chaja, kapima betri, anasema nzima."

"Labda inamwogopa," Kiherehere alisema. "Kama jino lako lilivyopona ulipomwona daktari."

"Niondokee na utani wako!"

Kiherehere akaenda dirishani, akarudi. Akakaa, akainuka. Mkono wake ukagusa koti la kompyuta, akauondoa upesi. Lilikuwa la moto kama pasi.

Koti hilo alilishona yeye juzijuzi, kazi yake ya kwanza kuimaliza peke yake. Kitambaa kizito cha bluu, sponji ndani, limeibana kompyuta chini na ubavuni, likiacha skrini, vitufe na tundu la chaja tu. Mama alimwonyesha kila mteja: "Kashona mwanangu! Tazama mshono huo!" Hata walipoipeleka kompyuta kwa fundi, Mama Mdogo alilivua kwanza, lisichafuke.

Kiherehere akaganda. Kwa fundi haina koti, haizimi. Nyumbani ina koti, inazima.

Alifungua mdomo, akaona mama, pale kwenye cherehani, anavyolitazama koti kwa fahari, akaufunga.

"Labda ni umeme wetu," alisema.

Mama Mdogo akabeba kila kitu mbio mpaka chumbani, kwenye swichi nyingine. Kompyuta ikawaka, michoro ikatokea, halafu skrini ikawa nyeusi tii. Kiherehere alizunguka meza, akatafuna kucha, akazunguka tena. Alipochungulia chumbani, Mama Mdogo alikuwa anafuta machozi huku anaandika kwenye simu.

"Unamwandikia nani?"

"Waajiri. Nawaomba radhi, sitaweza."

"Usitume!" Kiherehere alipiga kelele. "Ni koti langu! Linaichoma! Nimejua tangu muda ule, nikaogopa mtasema nimeharibu."

Hakuna aliyepoteza muda kumgombeza. Wote watatu wakavuka barabara mbio na kompyuta mpaka kwa fundi, mama na futi kamba yake shingoni. Fundi kompyuta alilipokea koti, akaligeuza, akaangua kicheko.

"Jamani! Mgonjwa ana homa, nyinyi mnamvalisha sweta!"

Aliipindua kompyuta, akawaonyesha matundu ya chini. "Hapa ndipo inapovutia hewa. Ikizibwa inapata joto, na ikizidiwa inajizima isiungue." Akafungua skrubu. Feni ilikuwa imejaa nyuzinyuzi za bluu, rangi ile ile ya koti. Akazitoa kwa brashi.

"Si nilikuuliza jana, dada, nyumbani kuna kipya gani?" alimwambia Mama Mdogo.

"Nikasema hakuna. Koti hata halikunijia akilini!"

Kiherehere alitazama vidole vyake vya miguu. Mama akamshika bega.

"Mwanangu, kukosea mshono si aibu. Mimi nafumua kila siku. Lakini ukishaliona kosa, liseme hapo hapo. Kimya chako nusura kimkoseshe mama yako mdogo kazi."

"Sirudii, mama. Nisamehe, Mama Mdogo."

"Nimekusamehe. Sasa kimbia!"

Ilipofika saa kumi, kompyuta ilikuwa mezani, uchi, imeinuliwa juu ya rili tupu za uzi ipate hewa. Feni ilivuma taratibu. Mama Mdogo alieleza michoro yake, na waajiri wakauliza maswali, tena mengi. Mama alisimama nyuma ya pazia, hapumui. Kiherehere alikuwa ameikalia mikono yake isiguse kitu, koti likiwa mapajani.

"Mama," alinong'ona, "naomba mkasi. Nilitoboe matundu."

Kwenye skrini mtu akacheka, Mama Mdogo naye akacheka.

"Mama? Naomba basi mkasi."