Mfuko Chini ya Kiti

Pikapu ilikohoa mara mbili, ikazimika katikati ya nyasi zinazomfika mtu kifuani. Fundi alishuka mbio, akafungua boneti. Chujio la hewa lilikuwa limejaa majivu pomoni. Nyuma yao moshi ulikuwa umeshalimeza paa la nyumba ya mama yake, na moto ulikuwa unakuja na upepo, unanguruma.

Kukimbia haikuwezekana. Mama alikuwa amelazwa nyuma ya gari, nyonga imevunjika tangu mwezi uliopita. Dereva alikuwa Shemeji, mume wa dada yake Fundi, kibarua wa kulinda msitu. Tangu asubuhi kiherehere chake kilikuwa hakina mfano: yeye wa kwanza kuuona moto, yeye wa kwanza kupiga simu.

"Tuchome hizi za mbele," Fundi alisema. "Zikiisha, tunalala penye majivu. Una kiberiti?"

Shemeji alisita. Kisha akapeleka mkono chini ya kiti, akatoa mfuko. Ndani mlikuwa na kiberiti na vipande vya mshumaa vilivyoviringishwa matambara yanayonuka mafuta ya taa, kimoja kimoja, kwa ustadi, kazi ya mtu aliyekaa kitako akajipa nafasi. Na mtu mwenyewe hata sigara havuti! Fundi alielewa palepale moto ule umetoka wapi.

Muda wa kumtukana haukuwepo. Aliwasha nyasi, moto wao ukatangulia na upepo, ukaacha ardhi nyeusi inayofuka. Wakambeba Mama, wakalimwagia blanketi dumu zima la maji, hata ya kunywa hayakubaki, wakajifunika wote watatu.

Humo gizani Shemeji akaanza kunong'ona. Alitaka wakubwa wamwone amewahi kuuzima, wampe ajira ya kudumu. Alidhani utaishia bondeni. Pumzi yake ilimpiga Fundi shingoni, na jasho la mtu yule lilikuwa linamtiririkia mkononi. Alitamani kujichuna ngozi.

"Nyamaza," alisema. "Unatumalizia hewa."

Moto ulipita kulia na kushoto. Blanketi lilikauka, likaanza kuungua pembeni, wakalipigapiga kwa viganja mpaka vikababuka. Mama hakulia hata mara moja.

Alasiri kikosi cha zimamoto kikawakuta. Mkuu wa kikosi alitazama lile eneo jeusi, akampa Shemeji mkono, akamwambia ameokoa familia yake. Na Shemeji akatabasamu. Alitabasamu, mkavu wa macho yule! Kisha akapokea chupa ya maji, akampelekea mkwewe.

"Kunywa, Mama."

Mama aliitazama ile chupa, kisha akamtazama yeye.

"Mwambie kwanza mkuu huyo ulichotuambia chini ya blanketi. Kisha nitakunywa."

Mkuu akageuka. Fundi angeweza kuichukua ile chupa amnyweshe mama yake mwenyewe, lakini hakunyoosha mkono. Midomo ya Mama ilikuwa imepasuka, inatoka damu. Alikuwa anasubiri.