Fundi wa Shihabu

Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Yunusi, kijana wa miaka kumi na mitatu, alishuka ufukweni Wiyoni kuchota maji yaliyoingia ndani ya mashua ya baba yake. Mashua hiyo, Shihabu, ilikuwa imeshinda mashindano ya Idi miaka miwili mfululizo. Sasa ilikuwa nzito kama gogo. Fundi mmoja wa mjini alikwisha kubadilisha mlingoti na tanga, lakini wapi!

Zilipobaki siku kumi kabla ya mashindano ya Idi, baba yake, Bwana Athman, alisema, "Nenda kwa waunda mashua wa Matondoni, mwanangu. Nitafutie fundi wa kuaminika."

Yunusi akapanda punda. Fundi wa kwanza alipoelezwa tatizo, hata hakuuliza kitu. "Mbao zote zimeoza," alisema. Wa pili alitaka mlingoti mwingine. Wa tatu, Bwana Obeid, aliweka tezo lake chini.

"Sijaiona, mwanangu. Nitasemaje?"

Yunusi alirudi nyumbani akiwa na furaha. "Baba, nimempata!"

Kesho yake maji yalipokupwa, Bwana Obeid aligonga ubao mmoja baada ya mwingine, ametega sikio. Kisha akauliza, "Mashua hii iliwahi kupanda mwamba?"

"Hata siku moja," alijibu Bwana Athman.

Lakini Yunusi alijua. Miezi mitatu nyuma aliichukua kwa siri kwenda kutembea na rafiki zake, ikapanda mwamba. Akinyamaza, nani atajua? Akamtazama yule fundi ambaye hakuona haya kumwambia mtoto kwamba hajui.

"Ni mimi, Baba. Niliipandisha mwambani."

Bwana Athman alikunja uso, lakini fundi alimwahi. "Iligonga wapi?"

Yunusi akaonyesha upande wa nyuma, chini kabisa. Bwana Obeid akachokoa kwa patasi, na ufa mrefu ukajitokeza.

"Ubao huu mmoja tu. Nyingine zote nzima."

Siku tano, fundi akibadilisha ubao ule, Yunusi alisokota pamba ya kuzibia nyufa, adhabu aliyopewa na baba yake. Siku ya Idi, Shihabu ilichomoka kama mshale. Ndani palikuwa pakavu! Ilipofika mbele ya zote, ufukwe mzima ulilipuka kwa vigelegele.

Watu walipomzunguka Bwana Obeid kumpongeza, alimvuta Yunusi mbele yao.

"Msinisifu peke yangu," alisema. "Mimi nilikiri nisichokijua, na huyu akasema alichokijua. Angenificha, hadi leo ningekuwa nagonga mbao. Mwanangu, ukweli wako ndio ulioitengeneza mashua hii."