Wimbo Bila Mikono Yake

Chiriku alikuwa ametoka kununua uzi wa cherehani, gauni lake la zambarau limemkaa kama msichana, aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye duka la santuri pale sokoni. Ulikuwa ule wimbo wa disko alioimba ujanani, sasa umechanganywa upya na kutolewa kwenye santuri nyekundu. Vijana walikuwa wakiigombania. Kando ya spika alisimama mwanamume mwembamba, mikono mifukoni, kichwa chini. Alimtambua kwa shingo tu. Ni mpiga ngoma wa bendi yao, mpenzi wake wa kwanza, ambaye hakumwona tena tangu bendi ivunjike.

"Umezeeka vibaya wewe," Chiriku alimtania.

Hakucheka. "Sikiliza vizuri, Chiriku. Mimi nimo humo?"

Akatega sikio. Sauti yake ilikuwemo, tamu kama zamani, lakini ngoma zote zilikuwa za mashine.

Kumbe mpiga ngoma alidhani Chiriku ndiye aliyekubali afutwe kwenye wimbo. Kweli Chiriku alitia saini wimbo utolewe upya, ila la ngoma hakuambiwa. Alianza kueleza, mwenzake akampa kisogo na kupotelea kwenye umati.

Aliomba namba yake kwa muuza santuri, akampigia simu mpaka akachoka bila kupokewa. Mwishowe muuza santuri huyo akamwelekeza anakoishi. Alimkuta mlangoni, shati wazi, akihangaika na vifungo. Vidole vilikuwa vikitetemeka, havishiki kitu. Ndipo alipoelewa. Maradhi yalikwishamnyang'anya ngoma, na santuri ile ndiyo aliyoitegemea, vijana wamsikie alivyokuwa.

Akaanza kumfunga vifungo, huku akimweleza yote na kumwomba radhi. Akasamehewa. Walitaniana hata wakasahau miaka, Chiriku akapata ujasiri.

"Kawia ufike, mpenzi. Nioe."

Mpiga ngoma alimtazama kwa mapenzi yasiyofichika.

"Sina kinyongo nawe, mama. Nakupenda kuliko zamani. Lakini kila ukifungua mdomo, nasikia zile mashine."

Chiriku alikuwa na mengi ya kujibu. Alimmalizia kifungo cha shingoni, akamlazia kola, akachukua mkoba wake. Hata kwaheri hakumwambia, kwa kuchelea kumuumiza kwa sauti yake, akashuka ngazi ameuma kanga ya mabegani ili kilio kisimtoke.