Msemaji wa Tatu

Katika mahojiano ya arobaini na moja kulikuwa na mtu aliyekohoa, na mtu huyo hakuwepo.

Daktari alirudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena. Nyumbani walimwita Daktari tangu alipoanza masomo ya uzamivu. Mwaka wa kwanza lilikuwa jina la fahari, wa tatu likawa utani, na huu wa saba lilikuwa limebaki jina tu, kama la paka. Tasnifu yake ilihusu namna wajane wanavyowataja waume zao waliofariki: nani anasema "alipenda" chai, nani bado anasema "anapenda". Siku ya kumrekodi mjane huyu wa arobaini na moja aliikumbuka vizuri. Walikuwa wawili, mlango umefungwa. Rekodi yenyewe alishaisikiliza mara kumi, na kikohozi hakikuwamo.

Mtu mwingine angetupa spika za masikioni akatoka mbio. Yeye aliandika: "MSEMAJI WA TATU: (anakohoa)." Hakuogopa. Mwaka mzima alikuwa hajaogopa wala hajafurahi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Kesho yake, saa nne asubuhi, chumba kilinuka nguo iliyoungua. Dada yake mkubwa, aliyekaa naye, alikuwa fundi cherehani na alishonea chumba cha mbele.

"Dada, pasi inaunguza!"

"Pasi ipi? Umeme umekatika tangu saa mbili."

Hapo hapo, ndani ya masikio yake, sauti kavu ikasema: "Nitakaa."

Tangu siku hiyo ilikuwamo katika kila rekodi. Wajane walisimulia yaliyopita, yenyewe ikisema yajayo tu. Nitakaa. Nitakula. Kikombe kitavunjika. Kikombe kilivunjika kabla ya adhuhuri, naye akaandika saa pembeni mwa ukurasa, akaendelea. Sura ya nne ikaenda kama maji mteremkoni. Profesa, msimamizi wake, ambaye miezi mitatu hakuwa amejibu barua pepe hata moja, alipiga simu siku ile ile aliyotumiwa sura hiyo.

"Huyu msemaji wa tatu ni dhahabu! Umempata wapi?"

"Kwenye rekodi, Profesa."

"Basi niongezee."

Akaongeza. Jumatatu aliandika kama sauti ilivyosema: "Fundi atashuka ngazi. Atateleza." Akaweka nukta, akaenda kupasha chai.

Jumatano dada aliteleza kwenye ngazi za nje, mikononi kabeba sare za shule za wateja, akavunjika mkono wa kulia, ule wa kazi. Aliporudi na plasta, akitafuta karatasi ya dawa mezani kwa mdogo wake, aliuona ule ukurasa kwenye kompyuta.

"Hii umeiandika lini?"

"Jumatatu."

"Ukanyamaza?"

Daktari alifikiri. "Nilidhani ni data."

Dada hakugomba. Heri angegomba. Alikaa kitandani taratibu, akamtazama kama mtu anayetafuta sura ya jamaa yake katika umati. "Mdogo wangu," akasema, "umekwenda wapi wewe?"

Mchana ule ule alimleta mganga, mama mnene aliyewahi kuwa karani wa posta, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mganga alivaa spika, akasikiliza kidogo, akazivua upesi kama zimemchoma.

"Limo," alinong'ona. "Lakini halina mkono, mwanangu. Linasema tu, neno lake halitimii mpaka liandikwe. Mkono wake ni wewe."

"Nifanye nini?"

"Futa. Yote uliyoliandikia."

Kurasa sitini. Katika miaka saba, hiyo ndiyo sura pekee aliyowahi kusifiwa.

Alianza kufuta, na kadiri mistari ilivyotoweka ndivyo spika zilizolala mezani, ambazo hazikuchomekwa popote, zilivyoanza kunong'ona nitakaa, nitakaa, nitakaa, na harufu ya kuungua ikatanda mpaka macho yakawawasha, na cherehani ya chumba cha mbele, ambako hapakuwa na mtu, ikaanza kushona yenyewe, kwanza polepole, halafu mbio kama inayokimbizwa, huku mganga akisoma dua zake chini kwa chini na dada akimshika bega kwa mkono wake mzima, "Usiache, usiache," mpaka ukurasa wa mwisho ukabaki mweupe, na kila kitu kikanyamaza kwa pamoja.

Hapo ndipo Daktari alipolia kwa kwikwi, kauinamia mkono wa plasta.

"Nisamehe, dada."

"Lia," dada akasema. "Nilidhani umesahau kulia."

Saa kumi Profesa alipiga simu.

"Profesa, ile sura ya nne, naomba uifute," Daktari alimuwahi. "Kila nakala. Tafadhali!"

Profesa akacheka. "Woga wa mwishoni huo, kila mwanafunzi anao. Nimeshaipeleka kwa watahini wote watatu. Tena mmoja amejibu leo, ameipenda mno. Ana swali moja dogo tu." Karatasi zikachakarika. "Anauliza huyu msemaji wa tatu amelijuaje jina la mke wake yeye mtahini."

Na katika sura ile nzima Daktari hakuwa ameandika jina la mtu hata mmoja.