Kaseti ya Harusi ya Benedetta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Amuge aliosha vikombe vya chai katika makarai mawili, moja la maji ya sabuni na jingine la maji safi. Vikombe havikuisha. Malori yanayoelekea Uganda hupanga foleni ndefu pale Malaba, mpakani, na madereva waliochoka kusubiri huja kunywa chai saa yoyote inayowafaa. Amuge alikuwa darasa la sita. Mara nyingi alifika shuleni vidole vikinuka sabuni na macho yakitaka kufumba.

Mama yake, Akiror, ndiye aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai na chapati, si mbali na stesheni ya reli. Baba alibaki kijijini Moding akilima. Akiror aliamka mapema na kulala akiwa wa mwisho, na jioni miguu yake ilivimba hata viatu vikakataa kuvuka visigino. Hakuwa mama wa kupiga kelele. Alipokasirika alinyamaza tu, na Amuge aliogopa ukimya huo kuliko fimbo.

Mwaka huo Akiror alikuwa amenunua mashine. Aliona kwamba dereva akisubiri foleni hutafuta mahali pa kukaa, na akipata kitu cha kutazama huagiza chai ya pili. Akaenda Busia na kuingia katika duka la vifaa vya umeme.

"Mama, chukua hii," muuzaji alimwambia. "Televisheni na deki ziko ndani ya sanduku moja. Inacheza kaseti, na mpira ukionyeshwa inarekodi. Ukizinunua kila moja peke yake, waya zitakusumbua."

"Iwashe nione," alisema Akiror. Ikawashwa. "Sasa rekodi." Akarekodi. "Sasa nichezee hicho ulichorekodi."

"Mama, wewe ni mgumu!"

"Mimi hupika chapati, boss. Mteja akitaka kuonja, namwacha aonje."

Alirudi Malaba na mashine hiyo mapajani, ameifunga kwa blanketi lake la kulalia. Kitabu cha maelezo kilikuwa kimeandikwa kwa lugha za watu wengi isipokuwa yetu, kwa hiyo mama na binti walijifunza vitufe kimoja baada ya kingine, kwa kujaribu na kukosea.

Kaseti mpya zilikuwa ghali. Akiror alinunua zile kuukuu zinazouzwa sokoni, zenye filamu ambazo kila mtu alikwisha kuziona, ili arekodi mipira na vichekesho juu yake. Lakini mgongoni mwa kila kaseti ya video kuna kimeno kidogo cha plastiki. Mtu asiyetaka kaseti yake ifutwe hukivunja kimeno hicho, na deki ikikuta pengo inakataa kurekodi. Kaseti nyingi za sokoni zilikuwa na mapengo. Dawa yake watu wote wa Malaba wenye deki waliijua: unakunja karatasi ndogo, unaitia katika pengo, unabandika selotepu juu. Kazi hiyo ilikuwa ya Amuge, kila Jumamosi, baada ya kuchota maji.

Miongoni mwa wateja wao alikuwako dereva mmoja mzee, Callistus Okwara, mtu wa Butula. Alikuwa na ndevu nyingi na mzaha mwingi, lakini wiki zile mzaha ulikuwa umepungua. Binti yake Benedetta alikuwa ameolewa, naye baba mtu hakuwapo. Siku ya harusi lori lake lilikuwa limekwama katika foleni, mbele malori na nyuma malori, na mzigo wa tajiri hauachwi barabarani.

Ijumaa moja alasiri shemeji yake alimletea kaseti ya harusi hiyo kutoka nyumbani. Okwara aliingia nayo hotelini akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili. Kabla hajakaa, utingo wake Odeke akapiga kelele mlangoni: "Mzee! Foleni inasonga! Wa nyuma wanataka kutupita!"

Okwara alitazama televisheni, akatazama barabara. "Mama Amuge, niwekee hii," alisema. "Ndani ya lori kuna joto, itaharibika. Ni moja tu. Aliyepiga picha amekwisha kuifuta ya kwake, amerekodi harusi nyingine. Nikirudi kutoka Kampala nitakaa hapa niitazame kama mgeni wa heshima."

"Amuge, iweke kabatini, ufunge," alisema Akiror, mikono yake ikiwa imejaa unga.

Amuge aliipokea. Kabati lilikuwa chumba cha nyuma, na ufunguo ulikuwa umetundikwa juu. Ilibidi avute kiti apande. Siku hiyo alikuwa amebeba maji tangu atoke shule. Nitaiweka baadaye, alijiambia. Akaitumbukiza katika katoni iliyo chini ya televisheni, pamoja na kaseti nyingine, akaenda kukaa.

Baadaye haikufika.

Kesho yake, Jumamosi, alitoa kaseti za katoni akaziba mapengo, huku akisinzia. Hakusoma jina hata moja. Na Jumapili, Akiror akiwa kanisani, alikuja Elungat, mvulana wa jirani aliyesoma naye darasa moja.

"Amuge, nirekodie mpira, tafadhali. Baba yuko zamu leo, akikosa kuona atakuwa mkali wiki nzima."

Amuge alichukua kaseti ya juu katika katoni, akaitia ndani, akabonyeza kitufe. Mpira ulikuwa umefika kipindi cha pili. Ulipokwisha alisimamisha mashine, akatoa kaseti ili ampe Elungat. Ndipo alipoona ubavuni maandishi ya kalamu nyekundu: *Harusi ya Benedetta. Usifute.*

Aliketi sakafuni na kaseti mkononi.

"Ni nini?" Elungat aliuliza. Akayasoma maandishi yale. Kisha akasema, "Haya, sikiliza. Deki hula kaseti kila siku. Ya jirani yetu Opuli juzi ililiwa mpaka utepe ukajifunga ndani. Vuta utepe, ukunjekunje, umwambie mzee kwamba mashine imeikula. Atailaumu mashine. Mashine haichapwi."

"Na mama?"

"Mama yako amechoka sana. Hatauliza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Amuge zaidi. Elungat aliondoka haraka, hata mpira wa baba yake hakuutaja tena. Amuge alikwenda chumba cha nyuma, akafunua kifuniko cha kaseti, akaingiza kidole chini ya utepe mweusi, akavuta. Ulitoka kirahisi, ukalala mapajani mwake, ukang'aa. Akaukunja kidogo kwa kucha, ukafanya alama. Alikuwa karibu kuvuta tena aliposikia sauti ya mama yake ikirudi kutoka kanisani. Akaurudisha utepe ndani kwa kuzungusha gurudumu kwa kidole, akaificha kaseti chini ya godoro.

Siku zilizofuata hakulala vizuri. Alivunja kikombe. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa. Kila lori lililopita alilitazama kama linamjia yeye. Kila jioni alisema kesho ataimalizia kazi ile ya kuvuta, na kila jioni aliiacha chini ya godoro.

Alasiri moja Okwara alirudi. Hakujulikana mlangoni. Ndevu zote alikuwa amenyoa, kidevu kimebaki cheupe kama cha mtu mwingine, naye alivaa shati jeupe lenye mikunjo ya kukaa muda mrefu kwenye mkoba.

"Wee mzee, unaenda kortini?" dereva mmoja alimtania.

"Naenda harusini," alisema Okwara. "Nanyi nyote mmealikwa. Odeke, waletee wageni soda."

Madereva walicheka, wakasogeza viti. Okwara alikaa mbele kabisa, mikono juu ya magoti, macho mekundu kwa safari. Akiror alijifuta mikono. "Amuge, fungua kabati ulete kaseti ya mzee."

Amuge alikwenda chumba cha nyuma, akaitoa chini ya godoro. Bado kulikuwa na nafasi ya kuuvuta utepe. Vidole vyake vilijua njia. Kupitia mlango alikiona kile kidevu kilichonyolewa. Akatoka, akasimama mbele ya watu wote.

"Mzee Okwara," alisema, "nilirekodi mpira juu yake. Mama aliniambia niiweke kabatini, sikuiweka. Nikaziba pengo bila kusoma jina."

Akiror alifumba macho, akashika ukingo wa meza. Hakusema neno.

Okwara hakusimama. Alionekana tu kuwa mzee zaidi. "Yote?" aliuliza.

"Sijui, mzee. Niliogopa kutazama."

"Irudishe mwanzo, kisha uiweke."

Picha ilipokuja, walionekana wachezaji wakikimbia. Dereva mmoja alisema, "Isukume mbele, msichana, tuone kama kuna kitu."

"Iache," alisema Okwara. "Huenda kitu kikapita tusikione. Tutasubiri. Mimi nimezoea foleni."

Wakasubiri. Watu wazima wale, waliozoea kubishana kila teke, walitazama kipindi kizima cha mpira bila kushangilia. Bao lilifungwa, hakuna aliyeguna. Amuge alisimama kando ya mashine, miguu ikimuuma. Filimbi ya mwisho ikalia. Kioo kikajaa chenga nyeupe, halafu mstari mnene ukapita kutoka juu hadi chini, picha ikajikunja, ikanyooka.

Pakaonekana turubai, masufuria, na wanawake wakipakua wali.

Okwara alinyanyua mkono kama anayetaka watu wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza. Sehemu ya kanisani ilikuwa imefutika, pete na viapo navyo. Lakini pale, mezani, alikuwa Benedetta katika nguo yake nyeupe, akitafuta kamera kwa macho. Kando yake palikuwa na kiti kitupu, na juu ya kiti kile sahani imefunikwa.

"Baba," alisema Benedetta kutoka ndani ya sanduku, "najua uko Malaba umekaa kwenye foleni. Chakula chako hiki hapa. Mama alisema tusimpe mtu."

Kicheko kidogo kilimtoka Okwara, kikavunjika katikati. "Mnaona?" aliwaambia wenzake, akipangusa uso kwa kiganja. "Kama kawaida yangu. Kanisani nimechelewa, kwenye wali nimewahi."

Walipomaliza kutazama, alimwita Amuge. "Ule mstari uliopita kabla ya turubai ni wa nini? Mpira hauachi alama kama ile."

Amuge angeweza kusema hajui. "Nilianza kuvuta utepe," alijibu. "Nilitaka kusema deki imeikula."

Okwara alimgeukia. "Sikiliza, binti yangu. Kuifuta ni uzembe, na uzembe wako umeninyima kanisa. Hilo linaniuma, na litaniuma. Lakini ungemaliza kuuvuta, ningekosa na kile kiti. Ungeniambia mashine imeikula, nami ningekupa pole na kukushukuru kwa kunitunzia." Akatikisa kichwa. "Ningekushukuru, unaelewa? Hapo ndipo uongo ulipo mbaya. Anayeibiwa hajui hata cha kudai."

Akiror alizungumza kwa mara ya kwanza. "Uchovu naujua, Amuge. Hata mimi huweka kitu chini nikisema nitakirudia. Lakini amana ya mtu tunaiweka mahali pake kwanza, ndipo tunachoka. Na ukikosea, njoo uniambie siku hiyohiyo. Hata nikiwa nimelala, niamshe. Usinihurumie kwa kunificha."

"Ndiyo, mama."

Nje Odeke alikuwa akiita tena. Foleni ilikuwa imesonga. Okwara alisimama taratibu, mkono kiunoni, akatoa kaseti katika mashine. Watu walidhani ataondoka nayo. Alimpita Akiror, akaiweka mikononi mwa Amuge.

"Ndani ya lori bado kuna joto," alisema. "Nitaitazama tena nikirudi na mama Benedetta."

Alipokwenda, vikombe vya wageni wote vilikuwa vinangoja kuoshwa, na Amuge alikuwa amechoka kama siku nyingine yoyote. Alibandua selotepu mgongoni mwa kaseti, akachokoa ile karatasi aliyoitia mwenyewe mpaka pengo likabaki wazi. Kisha akavuta kiti, akapanda, akachukua ufunguo.