Kurasa Ishirini na Mbili za Mzee Nzabonimana

Wewe ukilala, nani anakuhesabia pumzi?

Usiniambie Mungu. Namuuliza binadamu mwenye macho mawili na kiti cha kukalia. Kule Kamembe, ghorofa ya pili ya kliniki moja ndogo, juu ya duka la mabeseni, binadamu huyo alikuwa Umuhire. Kazi yake ilikuwa kukesha akitazama watu wazima wakikoroma. Anawabandika waya kichwani kwa gundi, anawafunga mkanda kifuani, anawabana kipimo cha oksijeni kidoleni, kisha anakwenda kukaa chumba cha pili mbele ya kompyuta.

Na usingizi wa mtu, ndani ya kompyuta ile, ni kitabu. Kila sekunde thelathini ni ukurasa mmoja. Ubongo una mstari wake, macho yana wake, pumzi ina wake. Umuhire hufungua ukurasa baada ya ukurasa na kutia alama: hapa alikuwa macho, hapa usingizi mwepesi, hapa anaota, hapa ameacha kupumua. Ukurasa usiosomeka huandikwa maneno mawili: *waya imechomoka*. Baada ya hapo hakuna anayerudi kuutazama.

Hakuna. Ndivyo alivyoamini.

Jioni ile alishuka dukani kununua betri na plasta. Aliporudi akakuta ngazi imezibwa. Papa Mulume, muuza vitenge kutoka Bukavu, shingo nene kama ya fahali, alikuwa amelala akiwa amesimama, bega ukutani. Pembeni yake mkewe, Maman Odette, ana mkeka kwapani, thermosi mkononi, blanketi kichwani. Walikuwa wamevuka daraja la mpakani la Rusizi ya Pili kabla foleni haijawa ndefu.

"Bonsoir, Madame. Mugonjwa njo huyu. Akikaa, analala. Akisimama, unamuona. Juzi alilala ku pikipiki, akaanguka na mizigo yote."

"Na usiku?"

"Usiku hapana kulala. Usiku anakufa. Anakufa, anarudi, anakufa, anarudi." Maman Odette akashusha sauti. "Kuko muntu anamukalia ku kifua."

"Kuko shingo, Maman," alisema Umuhire. "Nyama ya shingo inaziba njia ya hewa. Tusiwasingizie watu."

Papa Mulume akafumbua jicho moja. "Umesikia? Miye nilioa mwanamke anaona bachawi hata ndani ya mboga ya sombe."

"Fumba kinywa, weye. Sombe yenyewe unalalia sahani."

Walicheka wote watatu. Umuhire alipenda watu wa aina hii. Alikuwa amezaliwa Uvira, akasomea Kigali, na kitu kimoja tu kilimkera duniani: watu wa kujifanya. Wachungaji wa kujifanya, waganga wa kujifanya, madaktari wa kujifanya. Aliwanusa kutoka mbali. Mwenyewe hakujinusa, lakini nani hujinusa?

Ugomvi ulianza kwenye mkeka.

Huku kwetu, upande huu wa mto na ule, mgonjwa halali peke yake. Anakuwa na murwaza, mtu wake wa nyumbani, anayelala chini ya kitanda chake na sikio moja wazi. Maman Odette alikuwa ameshatandika, ameshavua viatu.

"Maman, humu murwaza halali. Ukijigeuza, vipimo vinaharibika. Kuna benchi nje."

"Bwana yangu abaki na nani?"

"Na mimi. Nitamchunga mimi."

Neno lile halikuwa jipya. Lilikuwa limeshatamkwa mle mle chumbani, wiki tatu nyuma, mbele ya mkeka mwingine. Siku ile mgonjwa alikuwa Mzee Nzabonimana, mkulima wa mpunga wa Gikundamvura, na murwaza alikuwa binti yake, Patricie. Patricie alikunja mkeka wake bila ubishi, akaenda benchi. Alfajiri Mzee alikuwa baridi. Daktari aliandika chanzo ni moyo. Katika ripoti ya usingizi kulikuwa na kurasa ishirini na mbili zinazofuatana, dakika kumi na moja kamili, zote zimeandikwa *waya imechomoka*. Chini yake, sahihi ya Umuhire.

Hakuna aliyeuliza. Patricie alirudi baada ya mazishi na ndoo ya mchele. "Asante kwa kumchunga Papa," alisema.

Umuhire aliupokea mchele ule. Aliupika. Aliula.

Basi, Maman Odette akatoka, analalamika kwa Kimashi, lugha ya kwao. Umuhire akambandika Papa Mulume waya zake, akaingia chumba chake, akafunga mlango, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Fumba macho. Fumbua. Tazama kushoto. Kulia. Kushoto. Kulia. Shika pumzi… Achia."

Mistari ilitii. Ndivyo kazi huanza kila usiku: mgonjwa anaamriwa akiwa macho, ili ijulikane waya zinasema kweli. Saa nne na nusu Papa Mulume alikuwa anakoroma hadi kioo cha dirisha kinatetemeka. Anaziba, anakata, anafurukuta, anavuta. Jambo la kawaida kabisa. Umuhire alihesabu, akatia alama, akanywa kahawa ya tatu. Tangu wiki tatu zile alikuwa anakunywa nyingi.

Saa nane na dakika arobaini, harufu ikaingia.

Matope. Matope ya shamba la mpunga, yenye maji yaliyolala na majani yaliyooza.

Alitazama chini ya meza. Alinusa kikombe. Kisha akatazama kompyuta, na mkono wake ukabaki hewani.

Mstari wa ubongo ulionyesha usingizi mzito, ule ambao mtu hachezeshi hata jicho. Lakini macho ya Papa Mulume yalikuwa yanakwenda.

Kushoto. Kulia.

Kushoto. Kulia.

Polepole, kwa nidhamu. Kama mtu anayeamriwa.

Umuhire alitazama kipaza sauti. Kilikuwa kimezimwa.

Kisha mstari wa kifua ukalala. Tambarare… kama mtu aliyeambiwa *shika pumzi*, na aliyemwambia hana haraka ya kusema *achia*.

Kwenye kamera, chini, kando ya kitanda, mtu alikuwa ameketi juu ya mkeka. Amejifunika hadi kichwani. Sikio lake limeelekezwa kitandani.

Umuhire akabonyeza kitufe kwa hasira. "Maman Odette! Nimekuambia nini? Toka humo sasa hivi."

Mlango wa nyuma yake ukagongwa.

"Niko huku, Madame," ilisema sauti ya Maman Odette, kutoka nje. "Unaniita?"

Akauendea mlango. Kitasa kilizunguka vizuri, kama siku zote. Mlango haukufunguka. Aliuvuta kwa mikono miwili. Aliusukuma kwa bega, ingawa ulifunguka kwa ndani. Ulikuwa kama umechorwa ukutani.

"Maman, nenda mlango wa mgonjwa. Ingia! Mwamshe!"

Nyayo zilikimbia. Zikarudi. "Hauingilike! Umefungwa na nini? Madame, siisikie pumzi yake. Siisikie!"

Oksijeni: asilimia themanini na nane.

Umuhire akarudi mbio kwenye kompyuta. Labda ni mashine. Labda ni kweli waya. Lakini kamera ilizionyesha moja moja, kichwani, kifuani, kidoleni, zote mahali pake. Na chini ya ukurasa, bila mkono wa mtu, maneno yakajiandika.

*Waya imechomoka.*

Akafungua ukurasa uliofuata.

*Waya imechomoka.*

Uliofuata.

*Waya imechomoka.*

Themanini na moja.

Spika ikakwaruza. Kinywa cha Papa Mulume kilifunguka, midomo haikucheza, sauti ikatoka. Nyembamba, ya mtu mzee, yenye maji ndani.

"Nani alikuwa ananichunga?"

Nje, Maman Odette aliacha kugonga. "Yesu wangu… Huyo hapana bwana yangu."

Umuhire alijua ni nani. Akabonyeza kitufe, na unajua mtu wa shule alichosema?

"Mzee… waya zilichomoka."

Sabini na sita.

"Vifaa vyetu ni vya zamani." Vifaa vilikuwa na miezi minne.

Sabini na moja. Kucha za Papa Mulume, kwenye kamera, zilianza kuwa nyeusi.

"Sikuwa… sikuangalia vizuri."

Mstari wa kifua ukainuka. Pumzi moja, kilima kidogo. Kisha ukalala tena.

Hapo akaelewa bei. Uongo unashusha. Ukweli unanunua pumzi, na nusu ya ukweli inanunua pumzi moja. Akaona kila kitu kilichosimama upande wa pili wa ukweli mzima: Patricie mlangoni, polisi, mama yake Uvira aliyewaambia kanisa lote kwamba binti yake anaponya usingizi. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kizito, kama mtu amekikalia. Hewa ya chumba ilikuwa matope.

"Madame!" Maman Odette alikuwa amepiga magoti, sauti ilipita chini ya mlango. "Sema kile anataka! Hata kama ni uongo, sema!"

"Uongo haumtoshi, Maman," alinong'ona Umuhire.

Sitini na tatu.

Akabonyeza kitufe. "Nililala. Niliweka kichwa mezani, nikasema dakika mbili tu. Waya hazikuchomoka, Mzee. Nililala."

Papa Mulume akavuta hewa. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu, kwa kishindo, kitanda kikalia. Sitini na nane. Sabini na tano. Maman Odette akapiga kelele ya furaha. Umuhire akaangusha kichwa, machozi yakamtoka, akaungoja mlango ufunguke.

Haukufunguka.

Kwenye kamera, mtu wa mkekani alikuwa hajasogea. Sikio lake sasa halikuelekea kitandani. Lilielekea kwake.

Mstari ukalala tena.

"Nimesema!" Umuhire alipiga meza. "Nimeshasema! Nini tena?"

Kushoto. Kulia. Kushoto. Kulia.

Spika ikakwaruza. Ile sauti haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomvunja.

"Na ulipoamuka?"

Sabini. Sitini na mbili. Hamsini na tano.

"Madame," alisema Maman Odette polepole. Furaha ilikuwa imemtoka sautini. "Ulipoamuka, ulifanya nini?"

Umuhire akaweka kidole juu ya kitufe. Akakibonyeza, akakiacha pale, ili wote wasikie: aliyelala, aliyeketi, na aliyekuwa nje ya mlango.

"Niliamka kwenye ukurasa wa ishirini," alisema. "Zilikuwa zimebaki kurasa mbili, dakika moja, kabla ya moyo wako kusimama. Ulikuwa bado unapiga, na kifua bado kinajaribu kuvuta, Mzee, niliona. Patricie alikuwa amekaa benchi, hatua nne kutoka hapa. Ningefungua mlango, angejua nililala. Kwa hiyo sikufungua. Nilianza kuandika kwanza. *Waya imechomoka*, *waya imechomoka*… Nilikuwa naandika, na wewe ulikuwa bado unapumua."